Hofu ya Kisu cha Mgongo Ilikotoka

"Mgongo ukishaguswa na kisu, kwisha habari yako." Kauli hii nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia msibani, na majuzi nimeisikia kwa binamu yangu. Daktari kamwambia pingili mbili za kiuno chake zinahitaji kuunganishwa. Ana miaka 34, ana kazi, ana mtoto mdogo. Maumivu anayo, lakini kinachomnyima usingizi zaidi ni hofu tatu: nitapooza, nitalala kitandani mwaka mzima, nitaishi na vyuma mwilini mpaka kaburini.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuuliza mambo yalianzia wapi. Basi nikaingia kusoma, na nilichokikuta ni kwamba hofu hizi hazikuzuka hewani. Kila moja ina historia yake, na zamani mtu mwenye hofu hizo alikuwa na haki nazo.

Tuanzie mbali kidogo. Kuna mafunjo ya tiba ya Misri ya kale, ya takriban mwaka 1600 KK, yanayoeleza mtu aliyetenguka pingili za shingo na hana tena hisia mikononi wala miguuni. Ushauri kwa mganga: huyu usimtibu. Mganga yule hakuwa katili. Nusu kaputi ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Joseph Lister alitangaza njia yake ya kuua vijidudu kwenye vidonda mwaka 1867. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Kabla ya hapo, anayefungua mgongo alikuwa anapasua gizani, mgonjwa yu macho, na usaha unasubiri mlangoni.

Sasa twende New York, mwaka 1911. Ugonjwa uliowasumbua madaktari wa mifupa ulikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambao Mwingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779. Ugonjwa huu unakula pingili, zinaporomoka, mtoto anaota kibiongo, na wengine miguu inakufa ganzi. Mwaka huo madaktari wawili wa jiji hilo, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza upasuaji wa kuziunganisha pingili zilizougua ili zisiendelee kuporomoka. Russell Hibbs alivunja vipande vidogo vya mfupa wa pingili zenyewe na kuvilaza vigusane. Fred Albee alichukua kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa na kukipandikiza mgongoni.

Umeona kitu hapo? Hakuna chuma. Kuunganisha pingili ni kuutumia uwezo ambao mwili wako unao tayari, ule ule unaounga mkono uliovunjika ulipoanguka kwenye mwembe utotoni. Daktari anaikutanisha mifupa, lakini kuunga ni kazi ya mfupa wenyewe.

Ila mfupa hauungi kama unatikisika, na hapa ndipo hofu ya kitanda ilipozaliwa. Wagonjwa wa enzi za Hibbs walilazwa wiki nyingi, hata miezi, wengi wakiwa wamefungwa plasta ngumu ya jasi kuanzia kifuani hadi nyongani. Fikiria joto, muwasho, na kugeuzwa kama gogo. Hofu ya kulala mwaka mzima ilikuwa ya kweli kabisa.

Vyuma vililetwa kupunguza adha hiyo. Huko Houston, Texas, Paul Harrington alikuwa anatibu watoto waliopinda mgongo baada ya kuugua polio. Alibuni fimbo ya chuma yenye ndoano za kushika pingili, na mwaka 1962 akachapisha matokeo yake. Lakini sikiliza hili: mwanzoni aliweka fimbo bila kuunganisha mifupa, na vyuma vikaachia au kuvunjika. Akajifunza kwamba lazima mifupa iunge. Chuma peke yake huchoka, kwa hiyo kazi yake ni kushikilia tu mpaka mfupa ukomae. Ni kama mbao za zege pale fundi anapomwaga jamvi, isipokuwa hizi kwa kawaida haziondolewi, maana kuzitoa ni operesheni nyingine. Binamu yangu akibaki na skrubu zake, zitakuwa zimekaa pale zimemaliza zamu.

Ufaransa, Raymond Roy-Camille alianza kutumia skrubu zinazopita ndani ya pingili katika miaka ya 1960. Mexico, Eduardo Luque alibuni katika miaka ya 1970 njia ya kufunga kila pingili kwa waya kwenye fimbo, ili mgonjwa aweze kuishi bila plasta. Ndiyo maana leo wagonjwa wengi husimamishwa na kutembezwa siku moja au mbili baada ya upasuaji. Kitanda kimefupishwa. Kisichofupishwa ni mfupa: bado unahitaji miezi kadhaa, mara nyingi kati ya sita na kumi na miwili, kukomaa. Wiki za mwanzo huinami hovyo, hujipindi, hubebi ndoo. Na mvuta sigara aache, maana nikotini huuzuia mfupa kuunga.

Imebaki hofu kubwa, kupooza. Madaktari wenyewe waliiogopa. Mwaka 1973 timu ya Pierre Stagnara, Ufaransa, ilichapisha mbinu ya kushangaza: katikati ya operesheni wanapunguza nusu kaputi, wanamwambia mgonjwa achezeshe miguu, akiweza wanamrudisha usingizini. Siku hizi zipo mashine za kufuatilia mishipa ya fahamu wakati wote wa upasuaji, ingawa si kila hospitali inazo. Hatari haijafutika. Mishipa inaweza kudhurika, kidonda kinaweza kuoza, mifupa inaweza kukataa kuunga. Lakini kupooza kwa upasuaji wa pingili za kiuno si jambo la kawaida. Nadhani mtaani tunachanganya mambo. Kijana anaanguka na bodaboda, anafika hospitali miguu haina hisia, anapasuliwa, anatoka kwa kiti cha magurudumu, nasi tunasema kisu kimempoozesha. Ajali tumeisahau.

Historia hii pia haisemi kila mgongo upasuliwe. Majaribio yaliyoanza kuripotiwa mwaka 1973, yaliyofanyika Korea na Bulawayo, yalionyesha kwamba wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha uti wa mgongo hupona kwa dawa tu, wakitembea. Na maumivu ya kawaida ya mgongo kwa kawaida huanza kutibiwa kwa mazoezi, si kwa kisu.

Kwa hiyo binamu nimemwandikia maswali manne ya kumpelekea daktari. Kwa nini kuunganisha, na si tiba nyingine? Nisipofanya, nini kitatokea? Mishipa yangu mtailindaje? Nitarudi kazini lini, na kumbeba mtoto lini? Akijibiwa vizuri, aamue yeye. Aamue kwa majibu ya mwaka huu, siyo kwa hofu ya mwaka 1911.