Viungo Vilivyokufa Katika Kurasa za Msaada wa Kompyuta

Shemeji yangu ana duka la jumla Sultan Hamud, kaunti ya Makueni, mji ule wa barabara kuu uliobeba jina la Sayyid Hamud bin Muhammed aliyetawala Unguja kuanzia 1896 hadi 1902. Daftari lake la madeni lilishahamia kwenye kompyuta. Mwezi uliopita programu ikajisasisha usiku, na asubuhi ikakataa kufungua hesabu za mwaka jana. Ikamwambia asome ukurasa fulani wa msaada. Akabonyeza, akakutana na 404.

"Shemeji, hawa wananituma nyumba waliyoibomoa wenyewe," akaniambia kwa simu. Ndani ya hesabu hizo mna wateja waliokopa unga na mafuta, na hakuna pengine palipoandikwa nani anadaiwa nini.

Namba 404 maana yake ni kwamba seva iko hai na imekujibu, ila ukurasa uliouomba haupo kwenye anwani hiyo. Basi usilaumu bando wala kuzima na kuwasha simu. Ukiona 410, mwenye tovuti anakiri kwamba ameuondoa kwa makusudi. Kuna na 301, ambayo kwa kawaida huioni: ukurasa umehama, na kivinjari kinapelekwa anwani mpya papo hapo. Ni kama abiria wa reli mpya kutoka Mombasa anayekwenda Sultan Hamud. Kituo chake ni Emali, na hapo akiulizia ataonyeshwa matatu ya kumalizia safari. Kiungo kilichokufa ni kushushwa Emali usiku, pasipo mtu wa kuuliza.

Mara nyingi kurasa hizi huvunjika kwa sababu wenyewe wamehamisha makao. OpenOffice, iliyowahi kutolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice kupitia kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iligawanyika 2010 ikazaliwa LibreOffice, kisha 2011 Oracle ikaikabidhi kwa Apache. Kila uhamisho wa namna hiyo huacha nyuma anwani za zamani. Tim Berners-Lee, aliyeuanzisha mtandao wa wavuti, aliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki, na ikibadilika ni kwa sababu kuna mtu aliyeamua kuibadilisha. Mimi niko upande wake. Kuweka 301 si kazi ya kumtoa mtu jasho. Lakini uchunguzi wa Pew wa 2024 ulikuta asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo 2013 hazifunguki tena miaka kumi baadaye.

Sasa ufanye nini? Nakili anwani iliyovunjika nzima, uende web.archive.org, uibandike hapo. Hii ni hazina ya Internet Archive, shirika lililoanzishwa 1996, na huweka nakala za kurasa za zamani. Chagua tarehe ya kabla ukurasa haujafa. Usipoupata, chukua kichwa cha ukurasa au maneno ya kosa kama yalivyo, uyafunge kwa alama za kunukuu, utafute, ukiongeza namba ya toleo la programu yako. Toleo ni muhimu, kwa kuwa maelezo ya toleo jipya yanaweza kukuharibia faili la zamani. Kabla ya yote hayo, nakili faili lako kwenye flashi. (Fundi anayeanza kwa kusema "tufute tuweke upya" mwambie asubiri kwanza.)

Jihadhari pia na kiungo cha zamani kinachofunguka kwenye tovuti ngeni. Jina la tovuti lisipolipiwa, mtu mwingine hulinunua. Ukiombwa nywila au namba ya kupiga upate msaada, toka.

Ukurasa wa shemeji tuliupata kwenye hazina hiyo, nakala ya miaka mitatu nyuma. Ulisema faili lifunguliwe kwanza na toleo la kabla, lihifadhiwe upya, ndipo liletwe kwenye jipya. Kazi ya dakika ishirini, baada ya siku mbili za kuuza kwa kukumbuka kichwani. Niliwaandikia wenye programu kuhusu kiungo chao. Wakajibu kwa ujumbe wa mashine, wakinielekeza nisome ukurasa uleule.