Waenda kwa Miguu wa Kigali

Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, juu ya kilima cha Nyarugenge. Siku hizo kila aliyefika alifika kwa miguu, na mizigo ilipanda kilima vichwani mwa wapagazi. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962 na Kigali kufanywa mji mkuu, wakazi wake walikuwa 6,000 hivi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.7.

Mji ulipokua, barabara za lami zilifuata migongo ya vilima, kwa mizunguko mirefu. Asiye na nauli ya basi wala ya pikipiki hakuzunguka nayo. Alikata moja kwa moja kutoka mabondeni, kwa vijia vya udongo na ngazi zilizochongwa na wenyeji wenyewe. Masika yakija, vijia hivyo huwa utelezi mtupu. Hao ndio wengi, lakini mipango ya barabara iliwakumbuka mwisho.

Mwezi Agosti 2015 jiji lilifunga magari katika barabara moja ya katikati ya mji, Nyarugenge. Wenye maduka walilalamika kwamba wateja wamepungua, na kwa maoni yangu walikuwa na haki, kwa kuwa kwa miaka kadhaa lile eneo lilibaki lami tupu, pasipo kivuli cha kutosha wala pa kuketi. Kumwondoa dereva ni kazi ya siku moja. Kumkaribisha mtembeaji ni kazi nyingine. Mwaka 2022, Kigali ikijiandaa kwa mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, mahali hapo palifunguliwa upya kwa jina la Imbuga City Walk, pakiwa na viti, majani na njia ya baiskeli. Imbuga kwa Kinyarwanda ni uwanja wa mbele ya nyumba, nalo ni jina zuri.

Kabla ya hapo, mwaka 2016, ilianza Siku Bila Magari. Sasa ni Jumapili mbili kila mwezi: barabara kadhaa hufungwa asubuhi, watu hukimbia, na wengine hupimwa afya bure. Jumatatu magari hurudi.

Mfano unaonivutia zaidi ni Biryogo, mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili tangu enzi za Wabelgiji. Mwaka 2021, wakati wa Korona, mitaa yake kadhaa ilifungiwa magari ili wenye mikahawa watandaze meza nje. Ugonjwa ukapungua, meza zikabaki. Watu hunywa chai pale pale yalipopita magari, na watoto hupita katikati bila kushikwa mkono.

Biryogo wana bahati ya meza. Mama anayepanda kutoka bondeni alfajiri, ndoo ya ndizi kichwani, bado anahitaji ngazi ya saruji, chuma cha kushika na taa.