Jina la Emmy Noether

Mtunzi wa utenzi hulitia jina lake katika beti za mwisho, ili kazi ijulikane ni ya nani. Emmy Noether, Myahudi wa Ujerumani aliyezaliwa Erlangen mwaka 1882, alinyimwa haki hiyo. Alipata udaktari wa hisabati mwaka 1907, kisha akatumika chuoni miaka saba bila ya mshahara. Mwaka 1915 David Hilbert na Felix Klein walimwita Göttingen. Lakini kwa kuwa ni mwanamke, masomo aliyoyafundisha yalitangazwa kwa jina la Hilbert, hadi alipopewa idhini mwaka 1919.

Katika hali hiyo, mwaka 1918, alithibitisha jambo kubwa: palipo na ulinganifu katika kanuni za maumbile, pana kitu kisichopungua wala kuzidi. Kwa kuwa kanuni hizo ni zile zile jana na leo, nishati haipotei.

Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimfukuza kwa Uyahudi wake. Alihamia Marekani, akafundisha Bryn Mawr, akafariki mwaka 1935, umri wake miaka 53. Kanuni yake hufundishwa leo kwa jina lake mwenyewe, si la mwengine.