Skrini ya pili ilitoka wapi?

Mezani kwangu ziko monita mbili, na wageni huniuliza kwani mimi nina macho mangapi. Mteja mmoja alidhani naringa tu.

Siringi. Miaka iliyopita nilikuwa na monita moja, zile za kisogo kirefu, inchi 15, niliyoinunua mtumba pale Luthuli Avenue. Siku moja nilikuwa nimefungua madirisha mawili yanayofanana kama mapacha, moja likiwa limelala juu ya jingine: hifadhidata ya majaribio na hifadhidata halisi ya mteja. Nikabonyeza Alt na Tab mara moja zaidi ya ilivyofaa, nikaandika amri ya kufuta, nikapiga Enter. Ilikuwa Jumatano. Nakala ya akiba ilikuwa ya Ijumaa. Mimi na mhasibu wa yule mteja tulikesha usiku mbili tukiingiza risiti upya, moja baada ya nyingine, na mhasibu hakunisemesha hata neno.

Ndipo nikanunua monita ya pili, na udadisi wa nani alianza mchezo huu ukanipeleka hadi 1981.

IBM ilipotoa PC yake Agosti mwaka huo, mnunuzi alichagua kati ya kadi mbili za picha. MDA ilionyesha maandishi tu, herufi 80 kwa mistari 25, lakini maandishi safi, ya kijani. CGA ilileta rangi na michoro, ila herufi zake zilichosha macho. Kila kadi ilipewa anwani yake ya kumbukumbu: MDA kuanzia B000, CGA kuanzia B800. Kwa kuwa hazikugongana, uliweza kuzichomeka zote mbili katika mashine moja na kuweka monita mbili mezani. Lotus 1-2-3, iliyotoka 1983, iliitumia nafasi hiyo: tarakimu skrini hii, grafu skrini ile.

Waliofaidi zaidi ni sisi waandishi wa programu. Chini ya DOS programu moja iliteka skrini nzima. Sasa utasakaje hitilafu katika programu ya michoro, ikiwa chombo chako cha kusakia kinafunika mchoro wenyewe? Ukiwa na monita mbili, programu ilijiendea kwenye skrini ya rangi jinsi mtumiaji angeiona, huku kwenye ile ya kijani ukifuata mistari ya msimbo mmoja mmoja. CodeView ya Microsoft na Turbo Debugger ya Borland zote zilikubali mpango huo. Ndiyo sababu kadi kuukuu za maandishi, na zile za Hercules, zilibaki ndani ya mashine za watengenezaji programu hata baada ya VGA kuja 1987.

Angalia lakini: skrini zile hazikuungana. Kila moja ilikuwa na kazi yake.

Mwaka huohuo wa 1987 Apple ikatoa Macintosh II yenye nafasi 6 za kadi. Hapo ukaweza kulivuta dirisha kutoka monita hii hadi ile, hata kuliacha nusu huku nusu kule. Watu wa Windows walisubiri hadi Windows 98, iliyokubali monita 9. Matrox G400 ya 1999 ilitupunguzia taabu kwa kutoa picha mbili katika kadi moja, na kwa Linux Xinerama ikaja na XFree86 4.0 mwaka 2000. Mimi faili lile la usanidi lilinikosesha usingizi. Ukikosea mstari mmoja, giza. Halafu kuna stima! Ikipotea, monita mbili za kisogo kirefu zilimaliza UPS kabla hujahifadhi chochote.

Sitawapa asilimia za tija, maana baadhi ya tafiti hizo zililipiwa na watengenezaji wa monita wenyewe. Ninayemwamini ni Jonathan Grudin wa Microsoft Research, aliyechapisha mwaka 2001 uchunguzi wake wa watu wenye monita zaidi ya moja. Ungetarajia watu hao watandaze dirisha moja kubwa kotekote. Hawakufanya hivyo. Waligawa: kazi kuu hapa, na vitu vya kutupia jicho, kama barua pepe, kule. Yaani baada ya Apple kuubomoa ukuta wa 1981, watu waliujenga tena wenyewe. Kwangu mimi monita ya pili ni chumba cha pili, si sebule iliyopanuliwa.

Siku hizi mashine halisi za wateja hukaa skrini ya kushoto, mandhari mekundu. Ya majaribio hukaa kulia. Nikitaka kufuta kitu upande wa kushoto lazima nigeuze shingo, na mara mbili tayari nimeondoa kidole kwenye Enter.