Ua la Pareto na Habari Zake

Msomaji, si kila chenye nguvu hujionyesha kwa ukubwa wake. Litazame ua la pareto: moyo wake ni wa manjano, umezungukwa na petali nyeupe, nalo ni dogo hata huenea katika kiganja cha mtoto. Ni la jamaa moja na alizeti. Lakini mbu apatwaye na dawa yake huanguka papo hapo. Yakupasa kuijua historia ya ua hili, kwa sababu sehemu yake kubwa ilitendeka katika udongo wa nchi ya Kenya.

Asili ya pareto ni Dalmatia, pwani ya mawe ya chokaa iliyo leo katika nchi ya Kroatia. Huko jua la kiangazi ni kali na udongo ni haba, na mmea huu ulijifunza kuvumilia ukame. Katika karne ya 19 watu waliyakausha maua yake, wakayasaga, wakauza unga wa kuulia viroboto na kunguni. Baadaye kilimo hiki kilifika Japani, ambako ilibuniwa ile dawa ya mbu ya kuchoma, iliyojiviringa kama nyoka aliyelala. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajapani wakawa ndio wauzaji wakubwa wa pareto duniani.

Huenda ukauliza, nguvu hiyo imo wapi? Haimo katika petali, bali hasa katika mbegu changa zilizosongamana ndani ya moyo wa ua. Humo mna sumu iitwayo pirethrini, nayo huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu. Haimdhuru sana binadamu, na mwanga wa jua huiharibu upesi, hivyo haidumu shambani wala nyumbani. Hata hivyo huua samaki na nyuki, basi yataka kutumiwa kwa uangalifu.

Pareto ililetwa Kenya mwaka 1928. Ingawa mmea huu hustahimili ukame, hautoi maua mengi pasipo baridi. Kwa hiyo ulistawi katika nyanda za juu, mahali penye kimo cha mita 1,800 na zaidi. Na hapa Kenya ilijaliwa bahati. Kule Dalmatia maua huchanua kwa msimu mmoja tu, bali karibu na Ikweta huchanua miezi mingi ya mwaka, na mchumaji hurudi shambani kila baada ya majuma mawili au matatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Vita Kuu ya Pili viliipandisha thamani pareto. Japani ilipoingia vitani na Marekani na Uingereza mwaka 1941, pareto yake haikupatikana tena katika masoko yao, na majeshi yao yalihitaji dawa ya kuwakinga askari na mbu waenezao malaria. Pareto ya Kenya ikatafutwa kwa bidii.

Lakini ni nani aliyefaidi? Kwa miaka mingi mashamba yalikuwa karibu yote mikononi mwa walowezi, na Mwafrika alikuwa mtu wa kubeba kikapu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulifungua mlango, Waafrika wakaruhusiwa kwa wingi kulima mazao ya biashara kama kahawa, chai na pareto. Baada ya Uhuru, wakulima wadogo wa Kisii, Nyandarua, Molo na kwingineko ndio waliolishika zao hili. Maua yao yalipelekwa kiwandani Nakuru, na Kenya ikawa mtoaji mkubwa kuliko wote duniani. Ada za shule za watoto wengi zilitoka katika vikapu hivyo.

Hata hivyo, neema hiyo haikudumu. Viwanda vya ng'ambo vilitengeneza dawa zilizoiga pirethrini, zenye bei nafuu na zisizoharibiwa na jua upesi. Huo ulikuwa ushindani mkubwa. Lakini jeraha la ndani liliuma zaidi. Wakulima walikabidhi maua yao, kisha wakangoja malipo miezi mingi, wengine miaka. Mwisho wakang'oa pareto, wakapanda viazi na mahindi. Uongozi wa soko ukahamia Tasmania, nchini Australia. Mwaka 2013 sheria mpya iliruhusu kampuni binafsi kununua na kusindika pareto, na baadhi ya wakulima wameanza kuipanda tena.

Zingatia jambo hili, msomaji. Pareto haikushindwa na ukame, kwa maana ilizaliwa katika ukame. Wala haikukataliwa na udongo wetu. Iling'olewa na mikono ile ile iliyoipenda, kwa kuwa jasho lilitoka na ujira haukuja. Mmea waweza kungoja mvua, lakini mwenye watoto hawezi kungoja chakula. Ukija kukabidhiwa kazi ya kununua, kupima au kulipa mavuno ya wengine, kumbuka ua hili dogo: mlipe mkulima kwa wakati, naye ataitunza mali ya nchi.