Viti Viwili vya Lamu Bungeni

Kila Januari ninapokagua fomu za maombi ya karo zinazoletwa kwa chama chetu, karibu kila fomu ina mstari unaofanana na wa mwenzake: mzazi ameandika kwamba basari ya jimbo imelipa kiasi fulani, na anaomba chama kimalizie kilichobaki. Basari hiyo hutoka kwenye hazina ya maendeleo ya majimbo iliyoanzishwa kwa sheria ya 2003, na sehemu kubwa ya fedha zake hugawanywa kwa jimbo, si kwa kichwa cha mtu. Lamu ina majimbo mawili, Mashariki na Magharibi, kwa hivyo hupata mafungu mawili. Kamati imeniomba mwaka huu niandike historia ya uwakilishi wetu Bungeni, nami nimekubali kwa sababu moja: kimoja kati ya viti hivyo viwili kinaweza kuondoka, na wengi wetu hatujui.

Lamu haikuanza safari hii ikiwa sehemu ya koloni la Kenya. Visiwa vyetu na ukanda wa maili kumi wa Mwambao vilikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na tangu 1895 Waingereza walivitawala kwa makubaliano naye. Baraza la Kutunga Sheria lilipokutana mara ya kwanza mwaka 1907, halikuwa na nafasi ya mtu wa Faza wala wa Siyu. Waraka wa Serikali ya Uingereza wa 1923, ule unaojulikana kwa jina la Devonshire, uliweka hesabu wazi: Wazungu wa kuchaguliwa 11, Wahindi 5, Mwarabu 1, na mmishenari mmoja wa kuteuliwa kusemea maslahi ya Waafrika. Kwa hivyo kiti kimoja cha kuchaguliwa kiliwekwa kwa Waarabu wote wa Mwambao, na aliyekuwa Mbajuni, Mpokomo au Mboni alihesabiwa kwanza kwa kabila kabla ya kuulizwa anakaa wapi. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia barazani mwaka 1944 kwa kuteuliwa. Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika ulikuwa Machi 1957, viti vinane kwa nchi nzima, na Ronald Ngala akachukua kiti cha Pwani. Hata hapo si kila mtu alipiga kura. Masharti yalikuwa elimu, kipato, mali na utumishi, na aliyetimiza mengi aliweza kupewa hadi kura tatu. Wavuvi wetu wengi hawakuwa na hata moja.

Miaka ya mwisho kabla ya uhuru ilikuwa ya mabishano makali kuhusu Mwambao. Wako waliotaka ujitenge, wako waliotaka ubaki na Sultani, na wako waliotaka Kenya moja. Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, na ripoti yake ya 1961 ikapendekeza Mwambao uungane na Kenya. Mkataba ulitiwa saini Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, na ndani yake zikawekwa ahadi kama vile kulindwa kwa mahakama za kadhi. Nayataja haya kwa sababu yanaeleza jambo ambalo vijana wetu hawalipati madarasani: Lamu iliingia Kenya kwa makubaliano, kama mahali penye historia yake. Haikuingia kwa wingi wa watu.

Katiba ya uhuru iliheshimu jambo hilo kwa njia yake. Pamoja na Baraza la Wawakilishi lenye majimbo 117, ilileta Seneti ya watu 41: mmoja kwa kila wilaya kati ya wilaya 40, na mmoja wa Nairobi. Lamu ilikuwa wilaya, kwa hivyo ikapata seneta sawa na Kiambu au Machakos. Sensa ya 1969 ilikuta wilaya yetu ina watu 22,401 tu. Kama hesabu ingekuwa ya vichwa, tusingepata hata robo ya seneta.

Seneti hiyo haikudumu. Mwishoni mwa 1966 ilivunjwa, maseneta wakaingizwa katika Bunge moja, na majimbo yakawa 158. Yaliongezwa yakafika 188 kwa uchaguzi wa 1988, na 210 kwa ule wa 1997. Mipaka ilikatwa na wakubwa wakiangalia mambo mengi, na idadi ya watu haikuwa ya kwanza kati ya hayo. Hapo lazima tuseme kweli: sisi tulinufaika. Mkaazi wa kitongoji kilichojaa cha Nairobi alikuwa na haki ya kulalamika kwamba mbunge wake mmoja anahudumia watu mara nyingi zaidi ya wa kwetu.

Lakini wakati viti vikihesabiwa Nairobi, watu wetu walikuwa wakihama. Vita vya Shifta baada ya uhuru viliwahamisha watu wa vijiji vya bara ya kaskazini, upande wa Kiunga, wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Nusu karne baadaye, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na operesheni ya msitu wa Boni iliyoanza 2015, wadi ya Basuba ilipoteza tena watu na shule zikafungwa. Upande wa Magharibi mambo yalikwenda kinyume. Mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulioanza miaka ya 1970 ulileta familia kutoka bara, na Mpeketoni, Hongwe na Bahari zikakua. Ndiyo maana takwimu za wilaya nzima zinapanda vizuri: 42,299 mwaka 1979, 72,686 mwaka 1999, 101,539 mwaka 2009. Ukizifungua ndani, unakuta mizani imeinama. Mwaka 2009 Lamu Mashariki ilikuwa na watu 18,841, wachache kuliko jimbo lolote nchini.

Katiba ya 2010 ilibadilisha kanuni. Kifungu cha 89 kiliweka majimbo 290 na kusema kila jimbo liwe karibu na wastani wa kitaifa wa watu. Linaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 40 kama ni mji mkubwa au eneo lenye watu waliotawanyika, na kwa asilimia 30 kwingineko. Tume inaweza kuangalia jiografia, njia za usafiri, historia na utamaduni, lakini ndani ya viwango hivyo tu. Kwa kipimo hicho Lamu Mashariki ingefutwa siku hiyo hiyo. Kilichoiokoa ni sharti la mpito, lililosema kwamba mapitio ya kwanza yasiondoe jimbo lolote lililokuwepo. Mwaka 2012 majimbo 27 yalinusurika kwa sharti hilo, letu likiwemo. Sharti hilo lilikuwa la mara moja.

Sasa niruhusuni nifanye kazi niliyosomea. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Gawanya kwa 290, unapata watu 164,015 kwa jimbo. Punguza asilimia 40, kiwango cha chini kabisa kinakuwa 98,409. Ili Lamu ibaki na majimbo mawili kwa mujibu wa kanuni, inahitaji watu 196,818. Tulihesabiwa 143,920. Pengo ni watu 52,898. Hata ukikata mipaka upya ukahamisha wadi moja au mbili kutoka Magharibi kwenda Mashariki, pengo haliondoki, kwa sababu kaunti nzima haifikii wastani wa jimbo moja.

Mashariki pekee ilikuwa na watu 22,258, chini ya sehemu moja ya saba ya wastani. Majimbo yakiunganishwa, mbunge mmoja atahudumia kuanzia Witu hadi karibu na mpaka wa Somalia, na katika kila watu mia wa jimbo hilo, watu wa Mashariki hawatafika kumi na sita. Aliyewahi kungoja maji yajae ili boti ipite Mkanda anajua umbali huo haupimwi kwa kilomita. Mzee wa Kizingitini mwenye shida ya kitambulisho atamfuata mbunge wapi?

Mapitio yalipaswa kufanywa si zaidi ya miaka 12 baada ya yale ya 2012, yaani kufikia Machi 2024. Hayakufanywa, kwa kuwa Tume ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na makamishna kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025. Kuchelewa huko ndiko kumetupa pumzi. Tusikuite ushindi.

Wapo watakaosema Lamu bado ina Seneti, na wana hoja. Mwaka 2013 Abu Chiaba, aliyekuwa mbunge wa Lamu Mashariki kwa muda mrefu, alikuwa seneta wetu wa kwanza chini ya katiba mpya, na Shakila Abdalla mwakilishi wa wanawake wa kwanza. Viti hivyo viwili ni vya kaunti na havigusiki na sensa. Katika Seneti kura ya Lamu katika mambo ya kaunti ni sawa na ya Nairobi yenye watu 4,397,073. Mwaka 2020 tuliona faida yake, kaunti zenye watu wachache zilipokataa fomula ya kugawa mapato kwa wingi wa watu, na Seneti ikakwama mara kwa mara hadi Septemba. Lakini fedha za basari haziji kupitia Seneti. Tena hazina yenyewe ilitiwa mashakani: Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yake inakinzana na Katiba. Na kiti cha Mashariki si cha fedha tu. Mwaka 2022 jimbo hilo lilimchagua Ruweida Obo, mwanamke wa kwanza kulishika.

Limebaki jambo moja, nalo linatuhusu sisi tunaokusanyika kwa harambee hii kuliko wanaoishi nyumbani. Sensa ya Kenya humhesabu mtu pale alipolala. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 mimi nililala Mombasa, pamoja na mke wangu na watoto wanne, na karani akatuandika Mombasa. Ukumbi huu ukijaa siku ya harambee, wengi watakaokuwemo waliandikwa Mombasa, Malindi au Nairobi. Kwa nini tulihama, kila mmoja anajua: shule ya sekondari, hospitali, kazi. Mtoto wa Ndau anayetoka kwao kwenda kusoma kidato cha kwanza mbali, mara nyingi ndiye mtu mzima anayehesabiwa mbali.

Nimejaribu kutazama mbele. Kama Lamu na nchi zitakua kwa kasi ile ile ya 2009 hadi 2019, sensa ya 2029 itatukuta na watu karibu 204,000, na tutahitaji karibu 242,000. Pengo litapungua hadi kama 38,000. Ni makadirio tu, nami nimezoea kuona makadirio yakikosea.

Tume itakapofungua mapitio itapokea maoni ya wananchi. Kamati inatayarisha waraka wa chama, na jedwali la hesabu hizi, wadi kwa wadi kwa wadi zote kumi, litakuwa kwenye meza ya mweka hazina siku ya harambee, kando ya daftari la ahadi. Mwenye kumbukumbu za vijiji vya bara vilivyohamwa wakati wa Shifta, majina ya vijiji na familia, tafadhali aje nazo.