Kisukari: Jinsi kinavyotambuliwa na aina zake

KISUKARI hutokea sukari inapozidi katika damu kwa sababu ya upungufu wa insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, au mwili kushindwa kuitumia ipasavyo.

Dalili zake ni kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, uchovu na kukonda, lakini huthibitishwa kwa kupima damu. Mtu ambaye hajala kwa saa 8 akipatikana na sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, huhesabiwa kuwa mgonjwa. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine.

Aina ya kwanza, ambayo huwapata zaidi watoto na vijana, hutokea kongosho linapoacha kutengeneza insulini. Bila sindano za homoni hiyo, mgonjwa hufa. Aina ya pili, iliyoenea zaidi, mara nyingi hudhibitiwa kwa lishe, mazoezi na tembe. Kisukari cha ujauzito kwa kawaida hutoweka baada ya kujifungua, ingawa mama hubaki katika hatari ya kupata aina ya pili.

Mtoto mwenye kiu nyingi anayetapika na kuhema kwa kasi huenda akadhaniwa kuwa na malaria. Ni muhimu apimwe sukari siku iyo hiyo.